Besi 262 za bure: kumsoma Steve Dalkowski kwa tarakimu zake

Tarehe 31 Agosti 1957, kijana wa miaka 18 alikuwa akiirushia Kingsport, timu ya besiboli ya mji mdogo wa Tennessee, dhidi ya Bluefield. Mchezo ulipoisha, karatasi ya matokeo ilikuwa na mambo ambayo kwa kawaida hayakai pamoja. Wapigaji 24 aliwatoa kwa straiki. Wengine 18 aliwapa besi ya bure. Wanne aliwagonga mwilini, na mara sita mpira ulimshinda mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea, ukaenda zake nyuma. Kingsport ikafungwa 8-4.

Kijana huyo ni Steve Dalkowski, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka New Britain, jimbo la Connecticut. Hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika mchezo rasmi wa ligi kuu ya Marekani. Hata hivyo, kwa yeyote anayetaka kujifunza namna ya kumpima mrushaji chipukizi wa ligi ndogo, sijaona faili linalofundisha kuliko lake. Limejaa hadithi, na karibu zote zinahusu kasi ya mkono wake. Mimi nataka kuweka hadithi pembeni nisome jedwali, kwa sababu jedwali linasema jambo ambalo hadithi zimelifunika: mwaka 1962 kijana huyu alikuwa amekwisha kuwa mrushaji wa kweli, na mwenye macho angeliona.

Kwa msomaji aliyezoea soka, nieleze kwanza. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Kazi yake ni kuupitisha mpira juu ya sahani ya nyumbani, yenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Ukipita humo, au mpigaji akiuzungushia gongo akaukosa, ni straiki. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Ukipita nje na mpigaji akauacha, ni boli. Boli nne, anatembea hadi besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bila jasho; hiyo ndiyo ninayoiita besi ya bure. Wakitoka watatu, awamu ya timu hiyo imekwisha, na mchezo una awamu tisa. Mchezaji akizunguka besi zote akarudi nyumbani ni mkimbio mmoja, ndilo bao la mchezo huu.

Chini ya ligi kuu kuna ngazi za ligi ndogo. Klabu kubwa huwapeleka vijana huko wakapikwe, na wengi hawatoki. Swali lililo mbele ya klabu ni lile lile ambalo mashabiki wetu hujiuliza wakimwona mshambuliaji mwenye mabao 20 kwenye Ligi ya Championship: je, akipanda Ligi Kuu atafunga? Na siku hizi si swali la Wamarekani peke yao. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alicheza ligi kuu mwaka 2017, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, akiwa na Pittsburgh Pirates. Klabu hiyo hiyo ikaja ikamsajili David Matoma wa Uganda, mrushaji wa mkono wa kulia mwenye kasi ya kutisha. Kwa hiyo kuna watu Kampala wanaofungua majedwali ya ligi ndogo asubuhi kutafuta jina la kijana wao, na inafaa tujue tunasoma nini.

Baltimore Orioles walimsajili Dalkowski mwaka 1957 kwa bonasi ya dola 4,000. Kiasi hicho kina maana yake. Kanuni ya wakati ule ilisema kijana akilipwa bonasi inayozidi dola 4,000, klabu inalazimika kumweka kwenye kikosi cha ligi kuu kwa misimu miwili, hata kama atakuwa anakalia benchi tu. Sandy Koufax, naye wa mkono wa kushoto, alisajiliwa na Dodgers kwa dola 14,000 na kwa sababu hiyo hakuonja ligi ndogo kabisa. Alijifunzia kazi mbele ya watu Brooklyn. Dalkowski alibaki chini ya mstari, akapelekwa Kingsport, kwenye ngazi ya chini kabisa.

Msimu wake wa kwanza unasomeka hivi: awamu 62, wapigaji 121 nje kwa straiki, besi za bure 129, mipira 39 iliyomshinda mdakaji. Ushindi mmoja, vipigo vinane. Wastani wa mikimbio aliyofungwa kwa kila awamu tisa, ukitoa ile iliyotokana na makosa ya wenzake, ulikuwa 8.13. Mrushaji wa kawaida akifika 5 anaanza kutafuta kazi nyingine.

Mtu akiishia kwenye hiyo 8.13 atasema mvulana huyu anapigwa vibaya. Lakini tazama safu ya jirani: katika awamu hizo 62 wapigaji waliupiga mpira wakafika besi salama mara 22 tu, kama mara tatu kwa kila awamu tisa. Hakuna aliyekuwa anampiga! Mikimbio yote hiyo alijiletea mwenyewe. Alijaza besi kwa zawadi, halafu mpira ukamshinda mdakaji na wakimbiaji wakasogea. Ndiyo maana ushindi, vipigo na wastani wa mikimbio ndizo safu za mwisho ninazozitazama kwa mrushaji chipukizi. Zimechanganya kazi yake na ya mdakaji, ya walinzi (wenzake wanaoukamata mpira uliopigwa), uwanja na bahati. Zinazomhusu yeye hasa ni chache, na mbili kubwa ni straiki, yaani idadi ya wapigaji aliowatoa kwa straiki, na besi za bure, kwa kuwa humo hakuna mlinzi anayegusa mpira.

Hapa kuna mtego. Watu wanapenda kuhesabu kwa kila awamu tisa, na kwa hesabu hiyo Dalkowski wa 1957 aliwatoa kwa straiki wapigaji 17.6, tarakimu ya ajabu. Lakini mrushaji anayegawa besi hukutana na wapigaji wengi zaidi katika awamu moja, kwa hiyo anapata nafasi nyingi zaidi za kuwatoa. Kipimo cha haki ni kugawanya kwa idadi ya wapigaji aliokutana nao. Awamu 62 ni wapigaji 186 waliotoka. Ongeza 22 waliopiga salama na 129 wa bure, unapata kama 337. Kwa makadirio hayo, aliwatoa kwa straiki asilimia 36 na kuwapa besi ya bure asilimia 38. Ligi kuu ya leo, ambayo ina straiki nyingi kuliko zama zozote, hutoa kama 22 au 23 kwa mia, na besi za bure ni kama 8. Hivyo 36 inabaki kuwa kubwa mno hata baada ya kuipima kwa haki. Ila 38 inaimeza.

Zijumlishe: karibu wapigaji watatu katika kila wanne walimaliza zamu yao bila mlinzi yeyote wa Kingsport kufanya kazi. Wale vijana saba walikuwa wamesimama uwanjani kama watazamaji wenye glavu.

Sasa turudi kwenye mchezo wa Bluefield, maana ukiutazama kwa karibu unaonyesha kitu kingine. Mwaka ule mipira ya vijana haikuhesabiwa kama leo, lakini tunaweza kukadiria. Kumtoa mtu kwa straiki huchukua kwa kawaida karibu mipira mitano, kumpa besi ya bure mitano na nusu. Wapigaji 24 ni kama mipira 115. Wale 18 ni kama 99. Weka mitatu hivi kwa kila mmoja wa wale wanne aliowagonga, na unapita 220, kabla hujahesabu mpigaji yeyote aliyeugusa mpira. Hata ukichukua kiwango cha chini kisichowezekana katika maisha, straiki tatu tatu na boli nne nne mfululizo, bado unapata 148. Mrushaji wa kuanza wa leo hupumzishwa akikaribia 90 au 100. Huyu alikuwa na miaka 18, na mipira yake ni ile ya kurushwa kwa nguvu zote.

Ninapoona hivyo sifikirii kasi. Naufikiria ule mkono.

Kuhusu kasi yenyewe nipite haraka, kwa sababu imeandikwa mno. Mwaka 1958 Orioles walimpeleka Aberdeen, kituo cha jeshi kule Maryland, apimwe kwa kifaa cha mwale wa mwanga. Kilisoma maili 93.5 kwa saa, kama kilomita 150. Alikuwa amerusha mchezo siku iliyotangulia, hakuwa na kilima cha kusimamia, na ilimchukua kama dakika 40 kupata mpira mmoja uliopita mahali pa kupimika. Tena vifaa vya leo hupima mpira unapoachia mkono, wakati ule wa Aberdeen ulipimwa ukiwa umekwisha kusafiri. Mpira hupoteza karibu asilimia 8 hadi 10 ya kasi kabla ya kumfikia mpigaji. Ukirudisha upungufu huo unavuka maili 100. Rekodi iliyopimwa vizuri ni ya Aroldis Chapman, 105.8, mwaka 2010. Dalkowski alikuwa kwenye ujirani huo, na kwa uchambuzi wetu inatosha. Anayedai maili 115 anatia chumvi. Na zile dakika 40 zinamweleza mrushaji huyu kuliko hiyo 93.5.

Mwaka 1960, Stockton, California. Awamu 170, nje kwa straiki 262, besi za bure 262. Hapana, sijakosea kunakili; ni 262 kwa 262. Kwa kila awamu tisa ni karibu 14 kwa 14. Kwa kukadiria mipira kama nilivyofanya juu, alirusha zaidi ya 20 kwa kila awamu, wakati kawaida ni kama 16. Mipira ya msimu mzima inapita 3,500. Maana yake awamu 170 za Stockton ziliuchosha mkono wake kama awamu 220 za mrushaji mwingine. Jedwali la klabu liliandika 170. Kiwiko kiliandika 220.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Kule Kennewick, jimbo la Washington, awamu 103, straiki 150, besi za bure 196, wastani wa mikimbio 8.39. Amefikisha miaka 22, yuko kazini mwaka wa tano, na bado hajawahi kumaliza msimu akiwa na besi za bure pungufu ya moja kwa kila awamu. Ningekuwa msaka vipaji wa Orioles mwishoni mwa 1961 na kuulizwa tumwache au tumbakize, kwa uaminifu ningesema tumwache. Miaka mitano ya ushahidi ni mingi. Makocha walikuwa wamejaribu kila walilolijua: kumrushisha muda mrefu kabla ya mchezo ili achoke apunguze nguvu, kumwekea shabaha ya mbao, kumbadilisha mwendo wa mkono. Kila kocha alikuja na dawa yake, na kijana alizimeza zote.

Ndipo alipofika Elmira, jimbo la New York, mikononi mwa Earl Weaver.

Weaver alikuwa meneja kijana ambaye hakuna aliyemjua wakati huo. Baadaye angeiongoza Orioles kutwaa ubingwa wa mwaka 1970 na kuingia kwenye Jumba la Umaarufu. Alichofanya na Dalkowski ni kupunguza. Aliona kwamba maelekezo mengi yanamvuruga kijana, basi akayaondoa. Rusha aina mbili tu, mpira wa kasi na slaida, yaani mpira unaopinda pembeni ukimkaribia mpigaji. Usilenge pembe, lenga katikati ya sahani. Usitumie nguvu zako zote kila mara. Hesabu yake ilikuwa nzuri sana: mpira wa kijana huyu haupigiki hata ukipita katikati kabisa, na kwa kuwa halengi vizuri, akilenga katikati akakosa kidogo ataangukia pembeni, ambako ni straiki vilevile. Udhaifu ukageuzwa kuwa sehemu ya mpango.

Matokeo ya 1962: awamu 160, nje kwa straiki 192, besi za bure 114, wastani wa mikimbio 3.04. Ushindi 7, vipigo 10, ambavyo sasa unajua pa kuviweka.

Kutoka besi za bure 17 kwa kila awamu tisa hadi 6.4, katika mwaka mmoja. Na ngazi haikushuka, ilipanda. Hapa wasomaji wengi wa faili hili huteleza. Wanaona Elmira imeandikwa daraja A, wanadhani ni ngazi ya chini, kwa sababu leo A ni chini. Mwaka 1963 ligi ndogo zilipangwa upya, na ligi ya Elmira ikaitwa AA, daraja ambalo hadi leo hutazamwa kama chujio kuu: anayewatoa wapigaji wa AA yuko hatua mbili tu na ligi kuu. Wapigaji aliokutana nao Elmira hawakuwa watoto.

Ukigawanya tena kwa wapigaji, 1962 inatoa kama asilimia 27 nje kwa straiki na 16 za bure. Ninapenda kutoa moja kwa nyingine, kwa sababu tofauti hiyo moja hutabiri mengi. Kingsport 1957: hasi 2. Stockton 1960: sifuri. Kennewick 1961: iko chini ya sifuri. Elmira 1962: chanya 11.

Tazama pia kilichopungua. Straiki zake kwa awamu tisa zilishuka kutoka 13 hadi 10.8. Mwenye kusoma kwa pupa atasema makali yameisha. Mimi naona kinyume: hiyo ndiyo bei aliyolipa, nayo ni nafuu. Aliachia straiki mbili, akaokoa besi za bure zaidi ya kumi. Biashara kama hiyo huipati sokoni.

Sasa mfananisho, ambao kwangu ndio kiini cha kisa. Tafuta mrushaji mwingine wa kushoto, mwenye kasi ya kuogopesha, mwenye miaka 23, kwenye AA. Yupo: Randy Johnson, Jacksonville, 1987. Awamu 140, straiki 163, besi za bure 128, wastani wa mikimbio 3.73. Kwa wapigaji ni kama asilimia 25 kwa straiki na 20 za bure, tofauti chanya 5. Umri ule ule, daraja lile lile, na Dalkowski anamzidi katika kila safu. Johnson huyo huyo alikuja kushinda michezo 303 ya ligi kuu, akawatoa wapigaji 4,875 kwa straiki na kutwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mara tano.

Sisemi Dalkowski angekuwa Johnson. Johnson ana urefu wa mita 2 na senti nane. Dalkowski alikuwa na mita 1.80 tu. Mwili mkubwa hubeba mzigo tofauti. Pia zama ni tofauti: wapigaji wa 1987 walipenda kuzungusha gongo kwa nguvu kuliko wale wa 1962, na straiki zilikuwa nyingi zaidi kwa kila mtu, jambo ambalo kwa kweli linampandisha Dalkowski thamani. Ninachosema ni kwamba mwenye faili hilo mkononi mwisho wa 1962 hakuwa na kituko cha maonyesho. Alikuwa na chipukizi wa hali ya juu mwenye tatizo linalojulikana, na linalojulikana pia namna linavyopona.

Kwani linaponaje? Koufax, katika miaka yake sita ya kwanza, alishinda michezo 36 na kupoteza 40, akagawa besi za bure 405 katika awamu kama 692. Mwanzoni mwa 1961, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, mdakaji wake Norm Sherry alimwambia apunguze nguvu, asijaribu kuurusha kila mpira kwa uwezo wake wote. Mwaka huo akarusha awamu 255, straiki 269, besi za bure 96. Johnson naye alizidi kuteseka hata ligi kuu, besi za bure 144 mwaka 1992, hadi alipozungumza na mrushaji nyota Nolan Ryan na kocha wa warushaji Tom House wakamrekebisha namna mguu wake unavyotua. Mwaka uliofuata alikuwa na straiki 308 na besi 99. Koufax alikuwa na miaka 25 ulengaji ulipokuja. Johnson, 29. Dalkowski, 23. Na neno aliloambiwa na Weaver lilikuwa karibu lile lile la Sherry, mwaka mmoja baadaye, bila mmoja kumwiga mwingine.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: mwaka mmoja mzuri baada ya miaka mitano mibaya ni mwaka mmoja tu. Kwa kawaida mchambuzi mwangalifu huuvuta kuelekea wastani wa zamani. Mimi ningeuvuta kidogo, si sana, kwa sababu mbili. Wapigaji mia saba wa msimu ule ni wengi. Safu ya besi za bure hutulia mapema kuliko wastani wa mikimbio, haibebwi na bahati ya wiki mbili. Na badiliko lina sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Tarakimu iliyopanda bila maelezo huwa naitilia shaka. Iliyopanda siku kocha alipobadilisha jambo fulani, naipa uzito.

Basi hii ndiyo ripoti ambayo ningeandika Oktoba 1962. Mpira wa kasi: hakuna bora zaidi kwenye mchezo. Slaida: inatosha kumfanya mpigaji asisubiri mpira mmoja tu. Ulengaji: dhaifu, ila umevuka mstari wa kukubalika. Ligi kuu wapigaji wana subira zaidi, kwa hiyo tarajia besi za bure zipande hadi 7 kwa awamu tisa mwanzoni. Je, mtu anaishi ligi kuu kwa kiwango hicho? Ryan mwaka 1977 aligawa besi 204 katika awamu 299, zaidi ya 6 kwa kila tisa, na wastani wake wa mikimbio ulikuwa 2.77. Anaishi, kama hapigiki. Aanzie kwenye benchi la warushaji wa akiba, awamu moja au mbili kwa mchezo, Weaver au mtu wa aina yake awe karibu, na asiongezewe kocha wa kumfundisha mpira wa tatu. Makadirio ya katikati: mrushaji wa akiba mwenye manufaa kwa miaka kadhaa. Makadirio ya juu: mmoja wa warushaji wakubwa wa kushoto wa miaka ya sitini. Hatari kuu: mkono. Tangu umri wa miaka 18 umefanya kazi ambayo safu ya awamu haiionyeshi, na asilimia ya kuumia ningeiweka juu kuliko ya chipukizi yeyote kwenye klabu.

Orioles walifikia uamuzi unaokaribiana na huo. Machi 1963 alikuwa kwenye mazoezi ya kikosi kikubwa na nafasi ilikuwa yake. Katika mchezo wa kirafiki dhidi ya Yankees kiwiko cha kushoto kikatoa mlio. Wengi husimulia kwamba ilikuwa slaida aliyomrushia Phil Linz wa Yankees; wengine, kwamba alikuwa ameokota mpira ambao Jim Bouton, naye wa Yankees, aliugusa tu kwa gongo ukaanguka karibu, na kuurusha besi ya kwanza akiwa hajasimama sawasawa. Upasuaji wa kiwiko ambao leo huwarudisha warushaji wengi kazini, ule unaobeba jina la Tommy John, ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1974. Dalkowski alipewa mapumziko. Alirudi kwenye ligi ndogo, kasi haikurudi naye, na 1965 ukawa msimu wake wa mwisho. Baada ya hapo alivuna mazao kwenye mashamba ya California, pombe ikamtesa kwa miaka mingi, na alifariki kwao New Britain Aprili 2020, akiwa na miaka 80, kwa ugonjwa wa korona.

Nimeulizwa kama kuumia kule hakuifuti ripoti yangu ya kubuni. Siibadilishi hata mstari. Hatari ilikuwa imeandikwa humo, na uwezo pia ulikuwepo, vyote viwili kwenye jedwali moja. Ninachokijutia kiko nyuma zaidi, Agosti 1957, mahali fulani baada ya mpira wa mia na hamsini, ambapo meneja yeyote wa leo angekuwa amepanda kilimani na kumwomba yule mvulana mpira.